Hizi pawa saplai za "wati 500" tunauziwa nini?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, nina neno na wauza vifaa vya kompyuta hapa Dodoma mjini.

Mi nina steshenari ndogo huku Nkuhungu, natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi na mambo ya mashuleni. Kompyuta yangu ni Dell Optiplex 9020 ile ya kusimama, used, na imenilisha miaka. Mwezi wa nane, na upepo wa Dodoma mnaujua vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, umeme ukakata ukarudi ukakata tena, uliporudi mara ya pili nikasikia paa! kama bisi halafu ile harufu ya kuungua. Pawa saplai hiyo, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta, kwisha.

Nikaenda mjini. Kijana wa dukani hata hajaniuliza kompyuta gani, akaniwekea boksi juu ya kaunta, "chukua hii mama, wati 500, hiyo yako ilikuwa 290 tu". Nikaona nimeokota dodo, nikatoa 35,000. Fundi anafungua nyumbani, plagi kubwa ina pini 24 na bodi yangu, ile sahani kuu ya ndani ya kompyuta, inataka 8. Nikarudi tena mjini kununua waya wa kubadilishia, 10,000 nyingine (na bodaboda juu). Ikawaka. Wiki mbili tu, walimu wamekaa kwenye benchi wanasubiri majaribio ya darasa la saba yatoke kwenye printa, ikazima kimyaa.

Safari hii nikampelekea pawa saplai zote mbili mzee mmoja fundi wa Chang'ombe. Kabla hajashika bisibisi akanipa zote mbili, moja mkono huu moja mkono huu. Ile ya zamani nzito kama tofali, mpya kama boksi la viatu lisilo na viatu. Halafu akaniambia soma stika ya ubavuni, siyo maandishi makubwa, soma mstari wa volti 12. Umeandikwa ampea 14. "Zidisha mwanangu." Nikatoa kikokotoo, 12 mara 14, wati 168. Sasa hizo 500 ziko wapi? Maana kompyuta za siku hizi kinachokula umeme hasa ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na inaula kwenye hizo volti 12, zile za 5 na 3.3 ni za vitu vidogo vidogo. Akanionyesha pia kaswichi kekundu kwa nyuma, kakikaa kwenye 115 ukachomeka umeme wetu huu wa 230 inapasuka hapo hapo, kumbe mtu anaweza kuua pawa saplai mpya kabla hata haijafanya kazi.

Akanitafutia ya Dell yenyewe, used, wati 290. Kufunga siyo kazi, unachomoa waya ukutani, unabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, skrubu 4 za nyuma, plagi kubwa, na ile ndogo ya pini 4 ya prosesa, hiyo ukiisahau feni itazunguka vizuri tu na skrini inabaki giza utadhani bodi imekufa. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita za ndani, vile vikopo vya kutunza umeme, zinabaki na umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ile ya 500 nikairudisha dukani, naambiwa gharantii hakuna kwa sababu boksi limeshafunguliwa. Jamani, ningeijuaje bila kulifungua? Ninachoomba ni kidogo sana, fungueni boksi mbele ya mteja kabla hajatoa hela, muulizeni kompyuta yake ni ipi, msomeeni huo mstari wa volti 12 na gharantii iandikwe kwenye risiti.

45,000 yangu najua imeshaenda. Ila hiyo pawa saplai ninayo bado chini ya kaunta, anayetaka kuja kuisoma stika aje.

Mama Steshenari,
Nkuhungu, Dodoma