Neema, nisamehe lile neno la chunusi

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Neema mpenzi,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu, anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kumenya ndizi kwa kasi yako. Salma wangu hajambo, ametimiza miaka minne. Mimi mzima wa mwili, mengine utayasoma humu.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka miwili na ushei! Ujumbe wa simu nimejaribu mara nyingi, nikiandika nafuta, nikiandika nafuta, ndipo nikachukua kalamu. Anayekuletea barua hii ni kijana wa Mzee Bilali, anarudi chuo hapo Moshi. Ana kifurushi chako pia, usimwache aondoke nacho.

Kilichoniketisha chini ni fomu. Maombi ya ubingwa yanafungwa mwisho wa mwezi huu, na mimi nimejaza kila kitu isipokuwa fani. Nimemaliza wiki tatu nikiifungua na kuifunga.

Lakini kabla ya fomu kuna lile neno. Siku yetu ya mwisho ya utarajali, kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, uliniambia utasomea ngozi. Nami nikakuuliza, "Miaka yote hii, Neema, uishie kutibu chunusi?" Ulichukua koti lako ukaondoka. Hukuwa umelala siku mbili. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba wiki ile mama wawili walikufia mikononi, na bado nikasema. Niliamini kwamba daktari anayechagua fani ya kumpa usingizi wake usiku amekimbia wagonjwa. Nisamehe. Sikuwa na haki ya kukupimia moyo.

Mwaka jana nililetewa mtoto wa miaka saba mwenye ualbino, masikio yameungua na jua, kidonda shingoni kisichopona. Bibi yake alishika kichupa cha Kilisun, mafuta ya kukinga jua, kilichokwisha. Alikuwa amekipasua kwa wembe ili akombe yaliyobaki ndani. Mafuta hayo yanatengenezwa hapo hapo kwenye kituo chenu cha ngozi, hospitali ya KCMC. Nilimwandikia rufaa yule mtoto, nikakaa kitini na kukukumbuka wewe. Unajua kuliko mimi jinsi saratani ya ngozi inavyowaua wengi wenye ualbino wangali vijana. Na mimi nilisema chunusi.

Haya, fomu. Usishangae: nataka kuandika usingizi, udaktari wa kulaza wagonjwa wa upasuaji.

Ngoja nikueleze ilivyoanza. Mwezi wa tatu, usiku wa mvua, aliletwa kwa mtumbwi wa injini kutoka vijiji vya kusini mama wa uzazi wa nne, uchungu umekwama tangu asubuhi. Kituo chetu kina chumba cha upasuaji, kina mimi, na kina Dada Speciosa, muuguzi wetu wa usingizi. Alimchoma sindano ya mgongo, ganzi ikashika vizuri, nikaanza kukata. Sijafika kwenye mji wa mimba nikasikia yule mama anasema kwa sauti ndogo, "Mikono yangu imekufa. Sipati hewa." Ganzi ilikuwa imepanda juu kuliko ilivyotakiwa. Presha ikaporomoka hadi 60 kwa 30.

Neema, mimi niliganda, kisu mkononi. Speciosa hakupaza sauti. Alisukuma bunda la mashuka chini ya nyonga ya kulia ili mgonjwa aegemee kushoto, mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akafungulia dripu mbio, akachoma efedrini ya kupandisha presha, na pumzi ilipozidi kupungua akamwekea mrija na kuanza kumpulizia kwa mfuko wa mkono. Kisha akaniangalia: "Daktari, mtoe mtoto. Huku juu niko mimi." Nikamtoa. Alilia. Nikashona huku nikisikia ule mfuko, puu, puu, puu, karibu saa nzima, mpaka mama akaanza kuvuta hewa mwenyewe. Mashine ya kupumulia hatuna. Mashine ilikuwa vidole vya Speciosa.

Wiki iliyofuata mume alirudi na ndoo ya migebuka kunishukuru mimi, daktari aliyempasua mkewe. Speciosa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwita nikamwonyesha yule mwanaume, nikamwambia mkeo alishikwa na huyu. Alimpa mkono kwa heshima, lakini niliona hakuelewa. Kwake, kulaza mtu ni kuchoma sindano moja basi.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Mjomba aliposikia alisema, "Nusu kaputi? Si hata manesi wanafanya?" Ndiyo, manesi wanafanya, na ndio wanaobeba nchi hii. Speciosa ni muuguzi, alisomea usingizi mwaka mmoja tu, na anastaafu mwakani. Wa kumrithi hayupo. Nani atawafundisha na kuwasimamia hao wengine? Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau mabingwa 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wetu na watu zaidi ya 2,400,000. Piga hesabu: ni mabingwa 120 kwa Kigoma peke yake. Nchi nzima kwa kipimo hicho hatufiki hata mmoja kwa kila laki.

Mjomba anataka nichukue radiolojia. Amekwisha kupata chumba Mwanga ya hapa Kigoma mjini, karibu na duka lake la dawa, anasema tutanunua mashine ya utrasaundi na nitakuwa narudi nyumbani saa kumi jioni kama watu. Simdharau hata kidogo. Unakumbuka mama aliuza michikichi yote ya upande wa mtoni ili nimalize kidato cha sita. Bodi ya Mikopo bado inakata asilimia 15 ya mshahara wangu kila mwezi, na Saidi mdogo wangu yuko chuo. Mabati ya nyumba hii ninamoandikia yana kutu mpaka mvua inachagua pa kuingilia. Anayeniambia fedha si kitu katika udaktari hajawahi kutumwa ada.

Daktari wa usingizi hana chumba chake mjini, hana wagonjwa wanaomfuata kwa jina. Anamngoja mpasuaji. Hilo nimelitafakari usiku na mchana.

Halafu yupo Salma. Namwona mara moja kwa mwezi, siku mbili. Juzi alianguka, akamkimbilia bibi yake akanipita mimi niliyekuwa karibu zaidi. Nikasimama pale na mikono mitupu. Tangu hapo nikisikia mtu anasema fani fulani "ina maisha", sitabasamu tena kama zamani. Hicho ndicho ulichokuwa unaniambia kwenye benchi, sivyo? Kwamba ulitaka ubaki mzima ili uendelee kuwa daktari. Nilisikia uvivu mahali ulipokuwa unasema uchovu.

Kinachonitia hofu ni hiki: huenda nachagua kwa sababu ya usiku mmoja. Pengine ni deni kwa Speciosa, si wito. Nimejipima. Nimeanza kuingia naye kila nikipata nafasi na mwenzangu akipasua. Nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa, nahesabu pumzi, nashika mapigo shingoni, naangalia ile namba ya oksijeni, 98, 97, 98, na saa mbili zinapita bila mimi kujua. Kwenye kupasua sijawahi kupata hivyo. Nikipasua nawaza kumaliza. Nikiwa kichwani kwa mgonjwa sitaki kumaliza mpaka afumbue macho aniambie jina lake. Speciosa ameniona, hajasema kitu, ila siku hizi ananiachia laringoskopu, kile kifaa cha kuangalizia koo wakati wa kuweka mrija.

Sasa niambie wewe uliye karibu na wanaosoma. Hapo KCMC wanafunzi wa ubingwa wa usingizi wanaishije? Wanalala? Wana watoto? Zamu zao zinakabidhiwa kweli, au ukiwa bingwa wa peke yako mkoani unaitwa mpaka unazeeka? Wanaofanya kazi hospitali binafsi wanapata kiasi cha kusomesha mdogo mtu na kuezeka nyumba, au nisijidanganye? Nikiomba huko badala ya Muhimbili, naweza kupata chumba cha kumleta Salma na mama akubali kukaa baridi ya Moshi? Naye Fatuma wa Bugando aliishia fani gani, maana nilisikia ameacha? Na wewe mwenyewe, unalala sasa? Umefurahi? Hili la mwisho lijibu kwanza, hata kama mengine yatachelewa.

Jumatano alfajiri narudi kituoni kwa boti ya Kibirizi. Huko mtandao hushikika juu ya kilima tu, kwa hiyo ukipiga upige baada ya saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimepanda.

Kwenye kifurushi kuna dagaa kilo mbili na mawese chupa moja. Mama ameifunga chupa kwa nailoni tatu, ifungue ukiwa na kitambaa karibu. Ile kanga ya kijani ni yako tangu zamani, uliisahau kitandani kwangu siku ile ulipoondoka.

Wako,
Zainabu