Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha, hasa ninyi mliofika kwa wakati. Shughuli za kawaida mnazifahamu: ziara za Jumamosi katika makumbusho yetu ya usanifu majengo na ubunifu ziliendelea, mihadhara 6 ilifanyika, waongozaji wapya 4 walimaliza mafunzo, maktaba ikapangwa upya. Nawashukuru wote.

Nije kwenye suala la ziara, ambalo limesemwa pembeni zaidi kuliko kikaoni. Ni kweli, mimi ndiye niliyependekeza tuache kuwazungusha wageni kumbi zote 7 kwa saa moja, badala yake wasimame mbele ya vitu vitatu tu. Wapo waliosema tunamnyima mgeni haki yake. Lakini mimi nimetembea nyuma ya yale makundi ya zamani mara nyingi. Watu 30, wa mbele wanasikia, wa nyuma wanasoma vibandiko, na mwisho hakuna mwenye swali.

Sasa tunaanza na kiti namba 14 cha Thonet, kampuni ya samani ya Vienna, cha mwaka 1859. Mwongozaji anakifungua wageni wakitazama: vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa hivyo vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, na hapo mgeni anaelewa kwa nini kiti hiki kiliuzwa mbali na kwa wingi vile. Niseme wazi, maana tuhuma imerudiwa: kinachofunguliwa ni nakala ya mafunzo. Cha hazina ya makumbusho hakijaguswa.

Kinafuata chumba cha jiko cha Frankfurt, alichobuni msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 ili kumpunguzia mpishi hatua. Tumechora vipimo vyake sakafuni, takriban mita 1.9 kwa 3.4, mgeni aingie ahesabu hatua zake mwenyewe. Tunamalizia na modeli ya shule ya Gando, Burkina Faso, kazi ya msanifu majengo Francis Kéré ya 2001, ambayo paa lake la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo ili joto lipate pa kutokea. Siku niliyoongoza mimi, maswali yalichukua dakika 40. Kamati ilipitisha uamuzi huu kwa kura 5 dhidi ya 3, na kumbukumbu zipo.

Kinachoniuma ni mahudhurio yetu. Kwenye muhadhara kuhusu Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani, kuanzia Weimar 1919 hadi ilipofungwa Berlin 1933, wageni walijaa. Wanachama tulikuwa 9, na 4 kati yetu ni wa kamati. Waliopinga ziara mpya, wengi wao hawajaifuata hata mara moja. Ada nayo: wanachama 31 kati ya 74 hawajalipa, baadhi huu ni mwaka wa pili. Nimewapigia simu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana projekta ya muhadhara wa mwisho tuliazima.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuanzisha ziara za wasioona, wazisome modeli kwa mikono, na kuongeza mihadhara. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti, na atakuwepo hadi mwisho wa kikao.