Ukishaimwagia supagluu, bei inapanda

Wiki iliyopita kuna kaka katoka hapa karakana kwetu Mwanza kanuna, anawaambia watu nje kwamba tumemwibia. Alileta ndege ya plastiki ya kuunga, Tiger Moth ya marehemu baba yake, ile seti ya zamani ya kampuni ya Airfix ya kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), boksi limechakaa ila vipande karibu vyote vipo, tukamwambia kuitengeneza ni laki na themanini. "Fundi, kaplastiki ka kiganja kimoja laki na themanini?" Siku hiyo sikumjibu vizuri, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na kompresa imelala, kwa hiyo namjibu hapa maana sio wa kwanza, na najua hatakuwa wa mwisho.

Kuunga na kupaka rangi ilikuwa elfu themanini. Laki iliyobaki ni ya kubomoa. Kabla hajatufikia alishajaribu mwenyewe kwa supagluu, ile ya buku, na bawa la juu likawa limekaa upande kama kofia ya mlevi, yaani ukiitazama kwa mbele unaona kabisa bawa moja linaangalia Bismarck Rock na lingine linaangalia Igoma.

Ndege yenye bawa moja inakusamehe, ila hizi za ghorofa, zenye bawa juu ya bawa, hazikusamehi. Tiger Moth ina nguzo nane zinazobeba bawa la juu, nne pale katikati chini ya tenki la mafuta, halafu mbili kila upande, na zote inabidi zikae kwa wakati mmoja. Halafu mabawa yake yamelazwa kidogo kwenda nyuma, sio kosa la kiwanda, ndege yenyewe halisi mwaka 1931 ilitengenezwa hivyo ili mtu wa kiti cha mbele aweze kutoka na parachuti bila kunasa kwenye zile nguzo za katikati. Wewe ukija na rula ukayanyoosha ili "yapendeze" umeshaharibu. Sisi tunakata fremu ya boksi gumu, tunailaza ndege humo, nguzo tunazigusisha gundi kidogo tu, tunasogeza, tunapima kulia na kushoto, tunasogeza tena, ndo tunaacha mpaka kesho.

Gundi ya kazi hii inayeyusha plastiki pande zote mbili kidogo, zinashikana zinakuwa kitu kimoja, na inakupa muda wa kusogeza. Supagluu haikupi. Sekunde chache tu imeshakuwa jiwe, na mvuke wake unatia ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani ambao hautoki kwa kufuta. Yule kaka alipoona imekosea akachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha ya mkewe. Jamani, ile ina asetoni, inakula supagluu na inakula na plastiki yenyewe! Nguzo mbili zikawa laini kama ugali wa jana uliomwagiwa maji. Hizo tumechonga upya.

Njia ya kubomoa ni baridi. Tunaifunga kwenye mfuko, inalala kwenye friza usiku mzima pamoja na sato (mama watoto ameshazoea), asubuhi supagluu imekuwa kavu, ukipinda taratibu inakatika tak. Taratibu nimesema.

Msala mwingine ni rangi. Kuna jamaa aliona sisi ghali akapeleka ndege yake kwa mpiga rangi za magari, akapigiwa spirei iliyochanganywa na tina kali, bila praima. Ikakunjamana kama ngozi ya samaki kwenye mafuta ya moto. Hiyo sikuweza kuiokoa, nilimrudishia na hela sikuchukua hata mia, ila nilimwambia ukweli na akachukia. Kama rangi ya zamani ndo inakukera, usiikwangue kwa kisu, ilete tu, kuna jinsi ya kuitoa bila kuumiza plastiki.

Stika nazo. Za boksi la miaka hiyo zinakuwa njano na zimekauka, ukizitumbukiza kwenye maji zinavunjika vipande kama ganda la yai. Hii unaweza kufanya mwenyewe bure: karatasi ya stika ibandike kwa selotepu dirishani, uso uangalie jua, wiki mbili tatu. Jua la Mwanza linatosha kabisa, unjano unapungua wenyewe. Kabla ya kuziloweka tunazipiga vanishi ili zishikane, tena tunajaribu moja ndogo kwanza, ile usiyoihitaji.

Ila ninachojivunia ni waya, zile zinazokaza mabawa ya juu na ya chini. Seti nyingi za zamani haziji nazo, watu wanaziacha, na ndege ya ghorofa bila waya inaonekana kama nyumba isiyo na kenchi. Mshipi nanunua Mwaloni Kirumba, ule mwembamba kuliko yote, natoboa matundu kwa drili ya mkono kabla bawa la juu halijapanda (ukisubiri likishapanda umekwisha), napitisha, nakata, halafu nawasha udi. Ncha yenye moto unaipitisha karibu na mshipi bila kugusa, na unauona unajivuta wenyewe, unakaza. Ukigusa umekatika, anza upya. Kwa Tiger Moth moja hiyo ni siku mbili za shingo kuuma, na hapo wadudu wa ziwani wasije, maana wakija jioni kama moshi na dirisha liko wazi wanajibandika kwenye vanishi mbichi mpaka ufute uanze tena.

Kuna mzee wangu mmoja mwalimu mstaafu hajawahi kulalamika bei hata siku moja. Alitaka Short Calcutta, ile boti ya kuruka ya mabawa ya ghorofa na injini tatu, kwa sababu Februari 1931 Imperial Airways walianzisha safari ya kila wiki kutoka London mpaka hapa hapa Mwanza na kipande cha huku zilikuwa zinaruka hizo. Seti sikuipata, tukachonga kwa plastiki bapa, miezi minne. Kila Ijumaa alikuwa anapita, anakaa kwenye stuli anaangalia, hagusi kitu.

Kwa hiyo kaka yangu wa Tiger Moth, ndege yako iko tayari, imebaki waya za mkiani. Ukija njoo na boksi la kubebea, usije ukaiweka kwenye mfuko tu ukapanda nayo bodaboda. Na nyie wengine, ileteni vipande vikiwa bado kwenye fremu zake za plastiki za kiwandani, hamjaigusa. Hiyo ni elfu themanini.