Kabla Faili za Bodi Hazijaenda Kiwandani

Wateja wengi hapa Kampala hutuletea mradi wa KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, na kutuomba tuwaagizie bodi za saketi. Lakini kiwanda hakitengenezi bodi kutokana na mchoro ule. Kinatumia faili za Gerber zinazotolewa humo, kila moja ikiwa picha ya safu moja ya bodi, na mchoro unaweza kuwa safi kabisa huku faili zake zina kasoro. Bodi ikishatua Entebbe na matundu yako kando ya pedi (vipande vya shaba vya kulehemia pini), hakuna dawa ila kuagiza upya na kungoja tena.

Bodi ya kawaida ya pande mbili huhitaji faili 7 za Gerber: shaba ya juu na ya chini, rangi ya kinga ya juu na ya chini, maandishi ya juu na ya chini, kisha mpaka wa bodi. Ongeza na faili za matundu za Excellon, zinazoiambia mashine pa kutoboa. Kwa kawaida KiCad hutoa mbili, moja ya matundu yenye shaba ndani, nyingine ya matundu yasiyo na shaba, kama ya skrubu. Hiyo ya pili ndiyo watu huisahau, halafu bodi inakuja bila mahali pa kuifungia ndani ya kasha.

Mpaka uchorwe kwenye safu ya Edge.Cuts, mstari mmoja uliofungika. Pengo la kona usiloliona kwa jicho linatosha kusimamisha oda.

Kosa linaloumiza zaidi ni la chanzo cha vipimo, yaani nukta ya sifuri vinapoanzia kuhesabiwa. Ukitoa Gerber kwa chanzo kimoja na matundu kwa chanzo kingine, matundu yote yanahama kwa pamoja. Chagua chanzo kilekile kote, na utumie milimita.

Matundu yenyewe nayo yapimwe vizuri. Pini ya mraba ya milimita 0.64 haipiti kwenye tundu la 0.8, kwa sababu kinachopita ni ulalo wake, ambao ni kama 0.9. Weka 1.0. Chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kisha uweke vifaa vyako juu yake. Kazi ya dakika tano, na inaokoa oda nzima.

Kwa wanaotengeneza vidhibiti chaji vya sola, tunasisitiza upana wa njia za shaba. Kwenye shaba ya mikroni 35, njia ya nje inayobeba ampea 1 yahitaji takriban milimita 0.3 ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 10 hivi. Ampea 10 zahitaji kama milimita 7. Tunaletewa njia ya milimita 1 ikitarajiwa kubeba mkondo wa paneli nzima, hiyo itachemka. Na panapoingia umeme wa volti 240, acha angalau milimita 6 kati yake na upande wa volti ndogo.

Kabla ya kutoa faili, bonyeza herufi B kwenye KiCad ili maeneo ya shaba yajazwe upya. Ukisogeza kifaa bila kujaza tena, shaba ya zamani hubaki ilipokuwa na inaweza kugusa isipotakiwa. Kisha endesha ukaguzi wa kanuni za bodi (DRC) mpaka makosa yaishe.

Ukishazitoa, zifungue zote pamoja kwenye GerbView, kitazamaji cha Gerber kinachokuja na KiCad, na uzitazame safu kwa safu. Je, matundu yako katikati ya pedi? Maandishi meupe yamepanda juu ya pedi za kulehemu? Maandishi ya upande wa chini yakionekana kinyume, usishtuke wala usiyageuze. Ukiigeuza bodi yatasomeka sawa.

Tutumie faili hizo ndani ya zipu moja, pamoja na unene unaoutaka (wengi huchukua milimita 1.6), rangi na idadi. Viwanda vingi vya China huanzia bodi 5, na bei hupanda upande mmoja ukizidi milimita 100. Bodi yako ikiwa na 103, tuulize kwanza. Mara nyingi milimita hizo 3 zinapunguzika.