Barua ya malalamiko kuhusu matuta, vibao vya mwendo na mitaro ya barabara kuu inayokatiza mjini

Kwa: Meneja wa Matengenezo ya Barabara

YAH: MATUTA YASIYOFAA, VIBAO VILIVYOWEKWA PASIPO PAKE NA VIRAKA VISIVYODUMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakazi wa mji mdogo unaokatwa katikati na barabara kuu ambayo kampuni yenu ina mkataba wa kuitunza. Tumeamua kuandika kwa sababu malalamiko ya simu hayaachi alama. Magari yenu tunayaona na mafundi wenu wanachapa kazi, hilo hatulibishi. Tatizo ni kwamba kazi inaanzia mwisho: tuta linajengwa kabla ya kibao, shimo linazibwa kabla ya maji kutafutiwa njia.

Tuanze na matuta matatu mapya. Kila moja lina upana wa kama sentimita 80 na kimo cha sentimita 15. Hilo ni gogo. Gari dogo likilipanda taratibu, magurudumu ya mbele yanakuwa yameshashuka upande wa pili huku tumbo la gari likiburuza juu ya kilele. Njooni mtazame tuta la kati: lami yake ina michirizi mirefu kana kwamba imechanwa kwa patasi, na pembeni ya mmojawapo pameganda mafuta meusi ya injini. Dereva mzoefu naye ameshagundua siri yake. Tuta jembamba namna hii ukilivamia kwa kasi, matairi na springi hulimeza, na kiti hutikisika kidogo kuliko ukilipita polepole. Kwa hiyo linamwadhibu anayetii na kumsamehe mkaidi.

Vipimo vinavyofaa si siri. Umbo lililotokana na majaribio ya maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1973 lina mita 3.7 kufuata mwelekeo wa barabara na kimo cha sentimita 10 katikati, likipanda na kushuka kwa mviringo. Ukilipita kwa kilomita 30 kwa saa hulioni kero. Ukizidisha, linakurusha kitini. Panapopita mabasi na malori mengi, kimo hupunguzwa hadi sentimita 7.5. Lami inayohitajika ni nyingi kuliko ya gogo, tunaelewa, lakini gharama hiyo mnailipa mara moja.

Halafu kuna ncha za matuta hayo. Yote matatu yameishia karibu nusu mita kabla ya ukingo wa lami, bila shaka ili maji ya mvua yapite. Nia ni njema, ila hakuna nguzo fupi zilizosimikwa pembeni. Pikipiki zote sasa zinapita kwenye upenyo huo na kumalizia juu ya bega la barabara, yaani palepale wanapotembea watoto wa shule. Ncha ya tuta ilipaswa kuteremka polepole hadi ukingoni, maji yapite kwenye mfereji mdogo, na nguzo zizuie chombo chochote kukwepa.

Vibao navyo vinashangaza. Kibao cha pembetatu yenye ukingo mwekundu kinachoonya kuhusu tuta la kwanza kimechimbiwa mita 20 tu kabla ya tuta lenyewe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kwa sekunde moja, na sekunde moja ndiyo muda ambao dereva makini anautumia kuona na kuhamishia mguu kwenye breki. Maana yake, analifikia tuta kabla breki haijaanza kushika. Kibao hicho kinatakiwa kuwa mita 100 hadi 150 nyuma, kitanguliwe na kibao cha kupunguza mwendo na mistari ya rasta, yaani vituta vyembamba vinavyotikisa gari, kisha kingine kisimame kwenye tuta lenyewe. Juu ya tuta ipakwe rangi iliyochanganywa na chembe za kioo, zile zinazorudisha mwanga wa taa za gari usiku. Rangi ya nyumba iliyotumika ilififia kabla ya mvua za kwanza kuisha.

Kibao cha kumaliza kikomo cha kilomita 50 kwa saa tunakiomba kihamishwe bila kusubiri bajeti. Kimesimama pale mji ulipokuwa unaishia zamani. Mji umekua, na sasa shule na zahanati ziko mbele yake, kwa hiyo kisheria dereva anaruhusiwa kukanyaga mafuta mita chache kabla ya geti la shule. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa karibu asilimia 4. Na Azimio la Stockholm la mwaka 2020 linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochangamana na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Tunajua kupanga kikomo si kazi ya mkandarasi, ni ya mamlaka. Lakini ripoti ya ukaguzi wa barabara mnaiandika ninyi, na kibao hicho hamjawahi kukitaja.

Sasa viraka. Shimo lililo mbele ya kituo cha mabasi limezibwa mara nne, na kila mara kiraka kimebanduka kama gamba. Ukikiinua kipande kilichong'oka utaona upande wake wa chini una vumbi na mchanga. Lami haikushika kwa sababu ilimwagwa juu ya uchafu, ikapigwapigwa kwa mgongo wa sepetu, mafundi wakaondoka. Utaratibu mnaujua kuliko sisi: kuchora mstatili unaozidi mipaka ya shimo, kukata kingo wima hadi kwenye tabaka gumu, kutoa maji na vumbi lote, kupaka lami nyembamba ya kunatisha chini na kwenye kuta, kujaza kwa matabaka ya sentimita 5 hadi 7 huku kila moja likishindiliwa kwa mashine, na kuacha uso wa kiraka juu ya lami ya zamani kwa milimita chache tu, maana magari yatauteremsha.

Hata hivyo, kiraka cha namna hiyo nacho kitakufa pale, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Barabara yenyewe ina mwinamo mzuri, kama sentimita 2.5 kwa kila mita, lakini bega limepandishwa na nyasi pamoja na udongo mnaouzoa mitaroni na kuuacha hapohapo ukingoni. Maji yanafika ukingo wa lami, yanagonga kingo ya udongo na kusimama. Yanapenya kwenye nyufa, tabaka la chini linalainika, tairi la lori linabonyeza, shimo linarudi. Kalavati la sentimita 60 lililo karibu limejaa mchanga hadi nusu, na fundi hawezi kuingia humo kulizoa. Kazi hiyo ilitakiwa kufanyika kiangazi. Mkizibua mtaro, udongo upakiwe kwenye gari na uondolewe.

Upande wa pili wa barabara hali imegeuka: bega limemomonyoka na kuacha ngazi ya zaidi ya sentimita 10 chini ya lami. Tairi likishuka hapo, ubavu wake unasuguana na ukingo. Dereva anakata usukani kwa nguvu ili apande, tairi linapanda ghafla, na gari linarukia upande wa magari yanayokuja. Pajazwe changarawe na pashindiliwe hadi usawa wa lami.

Kuhusu namba yenu ya simu ya dharura, mpokeaji huuliza kilomita ya tukio ilhali mawe ya kilomita mjini yaling'olewa wakati wa upanuzi na hayajarudishwa. Rudisheni mawe, na kila taarifa ipewe namba ya kumbukumbu.

Tunaomba yafuatayo. Ndani ya siku 7, shimo la kituoni lizungushiwe koni zinazoonekana usiku, vibao vya matuta vihamishwe, na mamlaka iandikiwe kuhusu kibao cha 50. Ndani ya siku 30, matuta yavunjwe na kujengwa upya kwa vipimo tulivyotaja, bega lisawazishwe pande zote mbili na kalavati lizibuliwe. Kiraka kije baada ya kalavati, si kabla.

Tunasubiri jibu la maandishi lenye tarehe ya kila kazi na cheo cha msimamizi wake. Nakala ya barua hii imepelekwa kwa mamlaka ya barabara na kwa polisi wa usalama barabarani.

Wenu,
Kwa niaba ya wakazi,
Katibu wa kamati ya barabara