Mkivunja kaunti, kazi zake mtampa nani?

Kwako Mhariri,

Kila bajeti ikisomwa huko nyumbani Kenya lazima nisikie mtu akisema ati kaunti 47 ni nyingi mno, zinakula pesa bure, ziunganishwe zibaki chache. Mimi naishi Sheffield, Uingereza, na hapa walishavunja baraza la kaunti kwa sababu hiyohiyo ya gharama, ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kaunti yetu inaitwa South Yorkshire. Ilianza tarehe 1 Aprili 1974, serikali ilipounda kaunti sita za miji mikubwa, hii ikabeba Sheffield, Rotherham, Doncaster na Barnsley. Kila mji ulibaki na halmashauri yake, lakini mambo yanayovuka mipaka kama mabasi, zimamoto na barabara kubwa yakawa ya baraza la kaunti.

Kitu wazee wa hapa hawasahau ni nauli. Baraza lilikataa kuzipandisha tangu miaka ya sabini, pengo likazibwa na kodi, mpaka kufika miaka ya themanini mtoto anapanda basi kwa peni mbili tu. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha chuma, huniambia Jumamosi alikuwa anawapa watoto sarafu mkononi asubuhi, wanaenda kwa nyanya yao Rotherham, wanarudi jioni, na yeye hajahisi kutoa kitu.

Halafu 1983 serikali ya Margaret Thatcher ikasema mabaraza haya ni ngazi ya ziada isiyo na kazi. Yote sita yalikuwa mikononi mwa wapinzani wake, chama cha Labour, na mimi siamini kwamba hilo halikuhusika. Sheria ikapita 1985, na tarehe 31 Machi 1986 baraza likafa, miaka 12 tu. Na muelewe, kaunti yenyewe haikufutwa, iko kwenye ramani hadi leo, kilichoondolewa ni wale watu waliochaguliwa kuiangalia. Polisi, zimamoto na usafiri zikaenda kwa bodi za madiwani wa miji minne, ambazo mwananchi wa kawaida hata hakujua azidai wapi. Nauli zilipanda zaidi ya maradufu mwaka huohuo, na Oktoba mabasi yakaachiwa soko huria, kampuni zikagombania njia zenye abiria huku vijiji vya pembeni vikisubiri.

Ikabidi kaunti nzima ichague meya 2018, na ni 2025 ndipo ukatolewa uamuzi wa kurudisha mabasi chini ya usimamizi wa umma. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi watu wamesimama kwenye mvua.

Kwa hivyo wabunge wanaotaka kuunganisha kaunti naomba watuambie mapema, siyo baadaye: ile zahanati ya kaunti kule kwetu Wundanyi, na ile ambulensi inayopanda milima usiku kumchukua mama mjamzito, itakuwa ya nani, na isipofika tutampigia nani simu?

Mkenya, Sheffield