Neno Kwenye Pindo la Leso

Bombo, Ijumaa usiku

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipata Jumatatu ya wiki iliyopita, nikaisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Ahsante kwa rambirambi, na ahsante zaidi kwa kutonificha unavyofikiri. Umesema yaliyonipata kwenye takisi ni sadfa tu, na kwamba mwenye msiba huona ishara kila anapogeuza uso. Hilo la pili ni kweli, sikatai. Lakini kwenye simu nilikusimulia mbiombio, salio linakaribia kwisha. Ngoja nikueleze sawasawa.

Ilikuwa siku ya 39 tangu mama atutoke. Nilikwenda soko la Owino, Kampala, kutafuta mchele na viungo vya arobaini. Takisi ya kwanza ya Bombo ilijaa nikiwa hatua tatu tu kutoka mlangoni. Kondakta akahesabu abiria wake 14, akapiga bati, wakaondoka. Nikaingia ya pili. Kabla hatujafika Kawempe mvua ikaanza kumwagika. Kiti cha mbele yangu ameketi bibi mmoja, kajitanda leso ya kijani, na alivyoikunja begani, pindo lilionyesha neno moja peke yake: HAUOZI. Nililitazama neno hilo njia nzima mpaka Matugga. Nililijua lile linalotangulia, ila sikutaka kulitamka hata moyoni. Matugga bibi akainama kuchukua furushi lake, leso ikakunjuka: WEMA HAUOZI.

Ya mama yenye maneno hayohayo unaikumbuka, ile doti nyekundu aliyokuwa akiivaa Idi. Nikaanza kulia, na katikati ya kulia nikakumbuka sufuria.

Hili kwenye simu sikukuambia. Wiki mbili kabla hajafa, mama alinishika mkono akasema: “Ile sufuria kubwa ya jirani wa mwembeni, tuliyopikia pilau, mrudishie. Usiniache nikadaiwa.” Nikaitikia. Kisha yakaja mambo ya hospitali, ya sanda, ya wageni, ikanitoka kichwani kabisa. Dada, nilikuwa nimepanga kupikia arobaini yake ndani ya sufuria hiyohiyo aliyoniusia niirudishe!

Nilifika nyumbani mvua haijakatika. Nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka masizi yakatoka na herufi mbili zikaonekana kwenye kitako, za jina la mwenyewe, zimekwaruzwa kwa msumari. Nikajitwika, nikaenda.

Jirani hakushangaa wala hakulia. Alisema alishaisahau. Lakini alinikalisha jikoni kwake, akanimiminia chai ya tangawizi, na baada ya kimya kirefu akaniambia kwamba mwaka ule mume wake aliokaa bila kazi, mama alikuwa akimpelekea chakula jioni, akisema kimebaki. Nikamtazama tu. Hakikuwa kimebaki. Mwaka ule sisi tulikula mihogo miezi na miezi, nami niliichukia mihogo ile na kumnunia mama. Sikuwahi kujua sahani zetu zilikuwa zinakwenda wapi.

Sasa nije kwenye hesabu zako, Mwalimu. Uliandika kwamba watu 23 wakikaa chumba kimoja, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja unapita nusu, kwa sababu tunalinganisha kila mtu na kila mwenzake, na jozi zinafika 253. Sikukuamini. Jumapili kwenye chama chetu tulikuwa akina mama 34, nikawaomba watoe vitambulisho. Wazee wanane wote wameandikiwa tarehe 1 Januari, maana zamani nani alikuwa anaandika siku ya mtoto kuzaliwa? Hao tukawaweka kando. Katika 26 waliobaki, wawili tarehe zao zikalingana. Basi umeshinda, nimekubali, na ndivyo ilivyo kwa leso pia: Kampala nzima imejaa leso, na methali za kuandikwa zina mwisho wake.

Lakini hebu sikiliza kilichofuata. Wale wawili wamekaa mkeka mmoja miaka sita, salamu tu na kuagana. Tangu siku ile wanaitana pacha. Juzi mmoja kashikwa na homa, na pacha wake ndiye aliyemchotea maji na kumpikia uji siku tatu. Hesabu yako imenieleza kwa nini walikutana, tena imenieleza vizuri. Uji ule haumo ndani ya 253.

Kijana wangu, alipokuja likizo kutoka Makerere, alinisimulia habari za Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961, ambaye aliyafikiria sana mambo haya ya kusadifiana. Siku moja mgonjwa wake, mwanamke msomi asiyekubali lolote lisilo na hoja, alikuwa akimsimulia ndoto: ameota amepewa kidani cha dhahabu chenye umbo la mbawakawa. Kabla hajamaliza, daktari akasikia kitu kinagonga kioo nyuma yake. Akafungua dirisha, mdudu akaingia, akamdaka angani. Mbawakawa, anameremeta kijani na dhahabu. Akamkabidhi yule mama: huyu hapa mbawakawa wako. Na tangu hapo moyo wa yule mgonjwa ukaanza kufunguka.

Kijana wangu alivutiwa na mdudu. Mimi nimeshika hapo aliposimama kufungua dirisha. Angeweza kusikia kugonga kule na kuendelea kukaa.

Na unajua huyo mtu alifika wapi? Mwaka 1925 alikuja Mlima Elgon, huo unaokulalia mgongoni hapo Mbale. Alikaa na wenyeji upande wa Kenya, akazungumza nao kwa Kiswahili cha kuungaunga. Wakamwonyesha kwamba alfajiri hutemea mate viganja vyao au huvipulizia pumzi, kisha huvielekeza kwenye jua linapochomoza. Kisha akavuka Uganda na kushuka na Mto Nile mpaka Sudan, akiipita nchi ileile waliyokaa mababu zetu, askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kabla Mwingereza Lugard hajawachukua mwaka 1891. Mlima wako na mto wetu ndani ya safari moja. Hapo nawe utasema sadfa. Sema tu, mimi nimetabasamu.

Usidhani nimegeuka mpiga ramli. Mtume alikataza kuamini ishara za ndege, nami nalishika hilo. Tena nimeona kwa macho yangu linavyoweza kumpoteza mtu. Binamu yangu aliona namba moja mara tatu kwa siku moja, kwenye boda, kwenye risiti, kwenye mlango wa kliniki, akasema Mungu amemwonyesha, akaenda kubeti fedha za ada ya watoto. Hazikurudi. Nimekaa nikilinganisha ishara yake na yangu, na tofauti ninayoiona ni kwamba yake ilimwahidi kitu alichokuwa anakitamani tayari. Yangu ilinidai. Ilinitoa nje kwenye mvua na sufuria kichwani. Siku hizi jambo likinigusa kwa namna ile, najiuliza kwanza nadaiwa nini, na lisiponidai chochote naliacha lipite.

Katika Surat al-An'am tunaambiwa hakuna jani linaloanguka ila Yeye analijua. Tulihifadhi aya hiyo pamoja chuoni, wewe ukiwa mbele yangu, ukinikonyeza nikikosea. Zamani niliisikia kama habari ya elimu ya Mungu, kwamba ni kubwa. Usiku ule baada ya kutoka kwa jirani niliisoma tena, nikaona kwamba hata sahani ya jioni inayopelekwa kwa mlango wa nyuma, na watoto wasijue, inajulikana. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jambo la mwisho. Ile doti nyekundu ilikuwa na vipande viwili, kama ujuavyo. Kimoja kilifunika jeneza, na wanawake waliomwosha wakaondoka nacho. Cha pili kimo sandukuni, bado kinanukia udi. Mama alikubeba wewe kwenye leso hiyo siku uliyovunjika mguu mtoni, mimi nikikimbia nyuma nimeshika viatu vyako. Nakutumia na basi la Jumanne, nimekifunga kwenye gazeti na kuandika jina lako kwa kalamu nyekundu. Ukikipata nipigie, hata kama ni usiku.

Wako,
mdogo wako wa Bombo